Mcheza kwao hutunzwa. Na kwao pakifungwa?

Sisi ndio tuliokuwa wenyeji. Nalitanguliza hilo kwa sababu mtu aliyeingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Jumamosi ya Machi 1, 2025, asingelijua kwa macho. Jukwaa kuu lilikuwa jekundu, mzunguko mwekundu, na hata wauza maji na karanga nje ya geti walikuwa wameshavaa jezi za Simba. Sisi wa Coastal Union ya Tanga, wenye mechi yetu, tulijibana kwenye kona moja na bendera mbili na ngoma moja, tukiangaliwa kama watu waliokosea basi.

Tulikuwa tumetoka Tanga usiku kwa Coaster ya kukodi. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi: zaidi ya kilometa 400 za kwenda kucheza nyumbani. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na wenzetu kadhaa walikuwa wamegoma kuja kwa hoja ambayo sikuwa na jibu lake: "Kaka, mechi ya nyumbani naifuata kwa basi?" Wakabaki Ngamiani, wakaitazama kwenye kibanda umiza. Hawakukosa kitu. Steven Mukwala alifunga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3-0, yeye akaondoka na mpira wake na sisi tukaondoka na barabara yetu.

Sisemi tulifungwa kwa sababu ya uwanja. Simba ile ingetufunga hata uani kwa bibi yangu Makorora, kwenye mchanga, kwa mpira wa makaratasi. Ninachosema ni kwamba tungefungwa kwetu. Mtoto wa Chumbageni angemwona Mukwala kwa macho yake kwa nauli ya bajaji. Mama lishe wa nje ya Mkwakwani, uwanja wetu, angemaliza masufuria yake kabla ya saa kumi. Kijana anayelinda baiskeli za watu, na Tanga baiskeli si haba, angelala na chochote mfukoni. Badala yake yote hayo yalilala Arusha, mji ambao hauna deni nasi wala sisi hatuna deni nao.

Miezi minne kabla, Oktoba 2024, ilikuwa hivyohivyo kwa Yanga. Tuliwapokea Arusha, wakatufunga 1-0. Mechi mbili ambazo mtu wa Tanga huzisubiri mwaka mzima, zote mbili zikachezwa mkoa mwingine, kwa sababu Mkwakwani haukuwa tayari.

Nilipokuwa naandaa makala hii nilipita kijiwe chetu cha kahawa pale Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Kuna mzee mmoja pale ambaye aliiona Coastal ikitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kikombe, kisha akanipa kazi.

"Mwanangu, wewe unaandika magazetini. Waambie wakubwa watupanulie Mkwakwani. Arusha wanajengewa wa watu elfu thelathini. Dodoma nao wameahidiwa wao. Tanga tuna nini?"

"Mzee wangu, tukiupanua tutawaweka kina nani?"

"Watu!"

"Kwenye mechi ipi?"

Akanywa kahawa yake polepole. "Simba na Yanga."

"Kwa hiyo tunajenga uwanja wa siku mbili kwa mwaka."

Nikadhani nimeshinda. Wazee wa kijiweni hawashindwi kwa urahisi namna hiyo. "Hizo siku mbili," akasema, "ndizo zinazolipa mishahara ya siku zilizobaki."

Na hapo alinikamata. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijui msemo mwingine unaoieleza Ligi Kuu yetu vizuri kuliko huo. Kwa utaratibu wa ligi, mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji, baada ya VAT ya asilimia 18 na makato mengine, likiwamo fungu la mwenye uwanja. Klabu ya mkoani ikicheza na klabu nyingine ya mkoani, siku ya kazi, saa kumi jioni, jua bado kali, kinachobaki baada ya makato hakitoshi hata mafuta ya basi la wachezaji. Ikija Simba au Yanga, uwanja unafurika, watu wanapanda miembe na mapaa ya jirani, na mhasibu wa klabu anacheka kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze.

Ndiyo maana baadhi ya klabu hazisubiri kufukuzwa kwao. Huhama zenyewe. KMC ni timu ya Manispaa ya Kinondoni, yaani ni ya Dar es Salaam hasa. Lakini Oktoba 2020 iliichukua mechi yake ya nyumbani dhidi ya Yanga ikaipeleka CCM Kirumba, Mwanza, nchi nzima katikati yake. Ilifungwa 2-1. Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo wala haikuwa ya mwisho. Tunaita kuuza mechi, na neno lenyewe limeshakuwa la kawaida mno midomoni mwetu kiasi kwamba hatusikii tena linavyosema. Mwenyeji anauza uenyeji wake. Anapata fedha za mwezi mmoja, halafu anawakabidhi wakubwa kile kitu pekee ambacho sheria za mpira zilimpa bure: nyumba yake.

Siwalaumu viongozi wale sana. Mtu anayedaiwa mishahara ya miezi huuza hata kitanda. Lakini ukitaka kujua kwa nini tangu Mtibwa Sugar ichukue ubingwa wa 1999 na 2000 hakuna klabu ya nje ya Dar es Salaam iliyougusa tena, usianzie kwenye usajili wala waamuzi. Anzia hapo. Azam walivunja ukuta msimu wa 2013/14, bila kupoteza mechi hata moja. Baada yao Jangwani na Msimbazi wamekuwa wakipokezana kombe, Yanga mara tatu mfululizo, Simba mara nne, Yanga tena nne hadi 2025. Zamani haikuwa hivi. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa 1975, Tukuyu Stars 1986 wakitoka kwenye milima ya migomba, sisi 1988. Hizo zilikuwa timu zenye kwao.

Sasa nirudi kwenye viti, maana mjadala wa viwanja nchini siku hizi ni mjadala wa viti. Tangu Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa uenyeji wa AFCON 2027, kila mkoa unahesabu viti. Huu wa Arusha ni elfu thelathini. Ule wa Mkapa ni elfu sitini. Nyie mna ngapi? Mashabiki tumeingia kwenye hesabu hiyo kama watoto wanaolinganisha nani ana baba mrefu.

Mimi nauheshimu Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ulipofunguliwa 2007, bado tukiuita Uwanja wa Taifa, nilisafiri kwenda kuuangalia tu, kama watu wanavyokwenda kuangalia meli mpya bandarini. Nilikuwa nimezoea Uwanja wa Uhuru pale jirani, Shamba la Bibi, ambako bendera ya nchi ilipandishwa 1961 na ambako kwa miaka mingi tulikaa kwenye saruji tukitandika gazeti. Kuona kila mtu ana kiti chake chenye namba lilikuwa jambo la heshima. Sikatai. Timu ya taifa inastahili uwanja ule, na Agosti 2025 Taifa Stars ilipoifungua CHAN kwa kuifunga Burkina Faso 2-0 pale, hata mimi wa Tanga nilisahau kwa saa mbili kwamba nina kinyongo.

Lakini viti elfu sitini vina siri yake. Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa imefungwa 2-0 kule Morocco na RS Berkane, na mashabiki wake walikuwa wanasubiri marudiano kwa Mkapa kama watu wanaosubiri mwezi mwandamo. Mvua zikanyesha. CAF ikaangalia sehemu ya kuchezea, ikasema hapana. Fainali ikavuka bahari kwenda Amaan, Zanzibar, uwanja mzuri uliokarabatiwa vizuri, wenye nafasi kama elfu kumi na tano. Ikaisha 1-1 na kombe likaenda Berkane.

Hebu tulia hapo kidogo. Uwanja mkubwa kuliko vyote nchini, wenye viti elfu sitini, haukushindwa na udogo. Ulishindwa na nyasi. Viti vyote vilikuwepo, havijaenda popote, na havikusaidia kitu. Wiki ile nilipokea simu za marafiki wa Simba waliokuwa na uchungu wa kweli: wenye nauli ya boti ni wangapi, watu elfu arobaini na tano wameachwa nje ya fainali yao wenyewe, haki iko wapi. Niliwapa pole, na pole yangu ilikuwa ya dhati. Kisha, Mungu anisamehe, nilikata simu nikacheka. Maana kila neno walilolisema lilikuwa letu. Ni lilelile tulilolisema kwenye Coaster tukipita Same saa nane usiku.

Ninachotaka kusema ni hiki, na mzee wangu wa kijiweni atanisamehe: haki kati ya klabu haianzii kwenye ukubwa wa uwanja. Inaanzia kwenye maswali mawili ya nyumbani kabisa. Nyasi zikoje? Na ufunguo anao nani?

Tuanze na ufunguo. Siku sita baada ya sisi kufungwa Arusha, usiku wa Machi 7, basi la Simba lilifika kwa Mkapa kwa ajili ya mazoezi ya mwisho kabla ya kukutana na Yanga, ambao ndio walikuwa wenyeji. Kanuni za ligi zinampa mgeni nafasi ya kuuzoea uwanja siku moja kabla ya mechi. Simba walisema walizuiwa kuingia, wakatangaza kwamba hawatacheza. Kesho yake Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi, huku watu wakiwa wameshafika mjini kutoka kila pembe ya nchi na tiketi mkononi. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kukamilisha ubingwa. Nani alikuwa na haki usiku ule, magazeti yalilizungumza mpaka wino ukakauka. Mimi kilichonigusa ni kitu kidogo: geti. Klabu mbili kubwa, zenye mamilioni ya wafuasi, moja ya 1935 na nyingine ya 1936, zinagombania geti la uwanja ambao si wa yeyote kati yao. Ni wa serikali. Karibu miaka tisini ya mpira, na wote wawili ni wapangaji.

Kama Simba na Yanga ni wapangaji, sisi wengine ni nini? Sisi ni wapangaji wa mpangaji. Vitaje viwanja vya mikoani unavyovijua: CCM Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya, Jamhuri wa Morogoro, Majimaji wa Songea, Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, Kambarage wa Shinyanga, Sheikh Amri Abeid wa Arusha, na Mkwakwani wetu. Vyote ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Historia yake haina siri. Vingi vilijengwa enzi ya chama kimoja, wakati chama na serikali na wananchi vilikuwa kikapu kimoja, na watu walichangia kwa nguvu zao na fedha zao. Vyama vingi viliporudi 1992, kikapu kikagawanywa na viwanja vikabaki upande mmoja.

Sitaki kuingia kwenye siasa. Naongea kama mpangaji. Klabu inayocheza kwenye uwanja usio wake haiwezi kuuweka rehani benki. Haiwezi kuuza jina la jukwaa kwa mfadhili. Haiwezi kutandika nyasi za mamilioni ya shilingi kwenye ardhi ya mwingine bila mkataba wa miaka mingi, na mkataba wa namna hiyo mimi sijauona ukutani kwenye ofisi ya klabu yoyote niliyowahi kuingia. Serikali ilifanya jambo jema kwenye bajeti ya 2021/22 ilipoondoa VAT kwa nyasi bandia za viwanja vya majiji. Tanga ni jiji. Lakini msamaha wa kodi unamsaidia mtu anayenunua, na kwetu mnunuzi ni nani? Mwenye uwanja ni chama, mtumiaji ni klabu, mkaguzi ni shirikisho la mpira, TFF, na Bodi ya Ligi, mwenye uchungu ni shabiki. Kila mmoja anamtazama mwenzake. Nyasi nazo zinakauka zikiwatazama wote wanne.

Ndipo wanapokuja wakaguzi. Na hapa lazima niwe mkweli: wakaguzi hawakosei. Nimeona mpira ukidunda kwenye viwanja vyetu kama umegonga jiwe, kwa sababu umegonga jiwe. Nimeona kijana wa miaka 19 akitolewa na machela kwa goti lililonasa shimoni, na sijamwona tena kwenye ligi. Kufungia uwanja wa namna ile ni huruma. Shida yangu ni kinachofuata baada ya kufungia. Barua inasema uwanja hauna sifa, klabu itafute pengine. Basi. Hakuna fundi anayekuja na barua, hakuna mkopo, hakuna tarehe ya ukaguzi wa pili ambayo mtu anaweza kuiandika kwenye kalenda. Klabu maskini kuliko zote ndiyo inayoongezewa gharama ya basi na hoteli kwenye mechi za nyumbani. Kagera Sugar waliwahi kuwa wahamiaji, mara Mwanza, mara Shinyanga, wakati uwanja wao wa Kaitaba ukitandikwa nyasi bandia. Waliporudi Bukoba, mashabiki wao walikuwa wamejifunza kukaa nyumbani. Mazoea ya kwenda uwanjani ni kama mazoea ya kusali jamaa; ukiyakatiza muda mrefu, kuyarudia ni kazi.

Sisi yalitukuta hata kwenye mwaka wetu mzuri. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba tu. Kipa wetu Ley Matampi akawa kipa bora wa ligi. Tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho, tukarudi Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1989. Miaka 35! Kuna watu Tanga walizaliwa, wakaoa, wakapata watoto wanaocheza mpira, bila kuona usiku mmoja wa Afrika Mkwakwani. Na hawakuuona. Bravos do Maquis wa Angola walitufunga 3-0 kwao, na marudiano yakachezwa Dar es Salaam, 0-0. Mzee wangu wa kijiweni aliisikiliza kwa redio. Aliniambia ilikuwa kama kuozesha binti yako kwenye ukumbi wa mtaa mwingine, halafu kadi ya mwaliko ukakosa.

Watu wataniambia: Azam mbona wana kwao? Kweli, na huo ndio mfano wangu. Azam Complex pale Chamazi unachukua watu kama elfu kumi. Hawakujenga elfu arobaini. Walijenga mdogo, wakaweka taa, wakaweka nyasi, na ufunguo ukabaki mfukoni mwao. Ndani ya miaka michache baada ya kupanda daraja 2008 walikuwa mabingwa, na miaka ya karibuni Simba na Yanga wenyewe, kila Mkapa unapokuwa na matengenezo au shughuli, wamekwenda kupanga kwa Azam au kwa KMC pale Mwenge. Fedha za Bakhresa, mwenye Azam, najua hatuna. Lakini tazama walichokinunua kwanza kwa fedha hizo, kabla ya mastaa. Ruangwa nao, wilaya ya mbali kule Lindi, Namungo ilipopanda 2019 ilikuta ina uwanja wake wa kuchezea. Jina la uwanja ule unalijua, na mbunge wa Ruangwa wa wakati ule unamjua. Si kila wilaya inajaliwa.

Wapenzi wa Ligi ya England, ambao najua ni wengi kuliko wapenzi wa ligi yetu, hupenda kunitolea mfano wa Arsenal: waliacha Highbury ya watu elfu thelathini na nane, wakahamia Emirates ya elfu sitini mwaka 2006, wakatajirika. Sawa. Ila kuna tarehe nyingine ambayo hamuitaji. Hadi 1983, klabu mwenyeji England ilikuwa inampa mgeni sehemu ya mapato ya mlangoni. Klabu ndogo ikienda Old Trafford au Anfield inarudi na chochote. Wakubwa walisukuma utaratibu ule ufutwe, ukafutwa, na tangu hapo kila kiti kipya kinachoongezwa kwenye uwanja wa mkubwa ni fedha ya mkubwa peke yake. Kwa hiyo upanuzi unaousifia si habari ya ujenzi tu. Ni habari ya nani anagawana na nani. Siku Simba au Yanga atakapojenga wake wa elfu arobaini, na namuombea ajenge, pengo kati yake na sisi litapanuka kwa idadi ileile ya viti, kama hatujakaa mezani kabla.

Mfano ninaoupenda mimi kutoka kule ni wa Luton Town. Walipopanda Ligi Kuu 2023, uwanja wao wa Kenilworth Road ulikuwa kichekesho cha dunia. Unaingiza watu wasiozidi elfu kumi na mbili. Lango la mashabiki wageni limepita katikati ya nyumba za watu, unapanda ngazi huku unachungulia nguo walizoanika uani. Hakuna aliyewaambia wahamie London. Waliambiwa wakarabati, na kazi ilipochelewa, mechi yao ya kwanza ya nyumbani dhidi ya Burnley ikaahirishwa mpaka jukwaa likamilike. Ligi tajiri kuliko zote duniani, yenye televisheni za nchi zote zikisubiri, ilisubiri mafundi wa Luton. Mwisho wa msimu walishuka daraja, lakini walishukia kwao.

Kwetu fedha za kuanzia zipo, zikitafutwa kwa nia. Mkataba wa TFF na Azam Media wa 2021 ni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Sifundishi mtu kugawa hela, lakini fungu dogo la mkataba ule, likikatwa kabla halijafika kwa klabu yoyote na kuwekwa kwenye nyasi tu, si viti, si vyumba vya wageni maalumu, nyasi na maji ya kumwagilia, lingebadilisha viwanja vinne au vitano kabla ya mkataba kwisha. Azam Media nao wangefaidi: picha ya mpira unaotembea chini inauza ving'amuzi kuliko ya mpira unaoruka kama panzi. Na chama chenye viwanja kingeombwa kitu kimoja kisichokigharimu shilingi: mkataba wa pango wa miaka 20 kwa klabu ya mji husika, wenye haki ya kukarabati na kufidiwa.

Nilimsomea mzee haya yote juzi. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kikombe kutoa machicha, akasema, "Umeongea vizuri. Lakini viti umevitupa." Kwake kiti ni heshima. Aliikalia saruji ya Mkwakwani akiwa kijana, timu ya akina Juma Mgunda ilipokuwa inatutia wazimu, na kabla hajafa angependa kukaa kwenye kiti chenye mgongo kama mtu wa Arusha. Sina ubishi na hilo. Ukiwa na miaka yake, mgongo nao una hoja.

Tukakubaliana hivi: tukikosa vyote viwili kwa mpigo, nyasi zitangulie, viti vifuate. Kwa hiyo naliandika ombi letu hapa, la watu wawili wa Ngamiani, kwenda Bodi ya Ligi na TFF. Leteni wakaguzi wenu Mkwakwani ligi ikishamalizika tu, si wiki mbili kabla ya msimu mpya. Mtuandikie kasoro zote kwenye karatasi moja, pamoja na tarehe ya kurudi kukagua. Mkimaliza, mwiteni mwenye uwanja na mwenye timu wakae meza moja mbele yenu. Na tukichelewa kwa wiki moja, ahirisheni mechi, msituhamishe.